Winchi Moja Mara Tatu: Vitofali vya Vinundu, Fito za Matundu au Chuma cha Bolti?

Mpwa wangu ana miaka kumi na moja na ugonjwa wake ni kreni. Tukitoka kisiwani kwenda Changamwe, matatu ikifika mahali ambapo kreni za Kilindini zinaonekana, huacha mazungumzo yote akahesabu ngapi zinafanya kazi na ngapi zimelala. Shule zilipofungwa aliniambia, "Mjomba, nataka tutengeneze moja inayoinua kweli." Neno lililonitia kazini ni hilo la mwisho. Kreni ya kupamba rafu unaijenga hata kwa boksi la viatu. Inayoinua kweli inataka gia, ekseli, uzi, na mwili usiopinda.

Tangu siku hiyo tumeijenga winchi ile ile, yaani mashine ya kreni inayokunja uzi na kuinua mzigo, mara tatu, kwa vifaa vya aina tatu tofauti, na majirani wenye watoto wameanza kuniuliza wanunue ipi. Zamani nilikuwa nikijibu kwa kutazama nguvu na bei. Siku hizi nauliza kwanza: ikikwama, utaifungua kwa dakika ngapi? Mji wetu una chumvi hewani, mchanga mlangoni na paka kila ngazi. Hakuna mashine ya kuchezea isiyokwama humu. Kwa hiyo kipimo changu kikuu hapa ni kufungua, na mengine yanafuata nyuma yake.

Vyenyewe ni hivi

Vitofali vya vinundu ndivyo kila mtu Mombasa huviita lego, hata vikiwa vimetoka kiwanda kingine kabisa. Namna yake ya kushikana, vinundu juu na vibomba ndani, iliombewa hataza Denmark tarehe 28 Januari 1958, na kitofali cha mwaka ule hushikana na cha leo bila matata. Mwaka 1977 kiwanda chenyewe cha Lego, kilichoko Billund, Denmark, kikaleta vitofali vyenye matundu ubavuni, pamoja na gia na ekseli zake, na tangu 1984 vikaitwa Technic. Vyangu nilivipata Kongowea, kwa muuza mitumba aliyekuwa na lundo la toi pembeni mwa viatu vya watoto. Havikupimwa wala kuhesabiwa. Unajaza mfuko, mnapatana. Nilipomwaga nyumbani nilikuta gia kumi na tatu, ekseli fupi nyingi, mguu mmoja wa mwanasesere, na vitofali kadhaa vilivyotafunwa na mbwa wa Ulaya.

Aina ya pili haina vinundu kabisa. Ni vijiti vya plastiki vyenye matundu ya mviringo mwanzo hadi mwisho, vinavyoungwa kwa pini. Sisi tumeziita fito, kwa sababu mwili wa kreni ukisimama kabla haujavishwa kitu unafanana na nyumba ya udongo kabla haijakandikwa. Boksi letu ni la Kichina, la aina inayoingiliana na ya Denmark. Si bidhaa ya magendo, kama jirani mmoja alivyodhani: Septemba 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikataa sura ya kitofali kuwa alama ya biashara ya kampuni moja, maana sura hiyo ndiyo inayofanya kazi ya kushika.

Aina ya tatu ni kongwe kuliko zote. Frank Hornby wa Liverpool alipata hataza yake mwaka 1901, na baadaye dunia ikaujua mfumo huo kwa jina la Meccano. Ni vipande vya chuma vyenye matundu yanayoachana nusu inchi, yaani milimita 12.7, vinavyofungwa kwa bolti na nati, na gia za shaba ya manjano. Sanduku letu aliliacha marehemu babu. Lilikaa juu ya kabati Mji wa Kale miaka na miaka, na nilipolifungua harufu ya mafuta ya cherehani ilikuwa bado imo.

Mwili: pale 8 na 9.6 zinapogombana

Wajenga nyumba moja hawagombei fito, lakini vitofali hugombana vyenyewe kwa vyenyewe. Kutoka kinundu hadi kinundu ni milimita 8. Kimo cha kitofali ni milimita 9.6. Maana yake ni kwamba matundu yaliyo ubavuni yanaachana 8 ukienda mlalo, lakini ukipandisha kitofali juu ya kingine, tundu la juu liko 9.6 kutoka la chini. Chukua kipande kirefu chenye matundu ukisimamishe ubavuni ili ufunge tabaka kwa pini: pini ya kwanza inaingia, ya pili inakuta ukuta. Kosa ni milimita 1.6 tu, na hakuna nguvu itakayoiingiza.

Dawa yake ni kupanga kitofali kimoja, bamba mbili juu yake, kisha kitofali kingine. Bamba moja ni theluthi ya kitofali, milimita 3.2. Sasa hesabu: 9.6 na 3.2 na 3.2 ni 16, ambazo ni hatua mbili kamili za matundu. Pini zote zinaingia. Au panda vitofali vitano. 48, hatua sita. Hesabu hii mpwa wangu aliijua kwa machozi. Mnara wa kwanza aliujenga wa vitofali vitupu, akaushikiza mezani, akafunga pakiti ya sukari ya nusu kilo kwenye ndoano, na mnara ukang'oka tabaka la tatu kama kifuniko cha sufuria. Vinundu vinashika vizuri ukivikandamiza. Ukivivuta kwenda juu vinakuachia. Tulipouweka mhimili wa kusimama kila upande, pini juu na pini chini, sukari ikapanda.

Kwa fito, ugomvi huo haupo. Ni 8 kwenda juu, 8 kwenda pembeni, 8 kwenda nyuma. Unaweza hata kuweka mshazari bila kubahatisha. Pembetatu ya 3, 4 na 5 tuliyofundishwa shuleni inatoka yenyewe, ila kumbuka hatua ni pungufu ya matundu kwa moja: unatumia ufito wa matundu manne, wa matano na wa sita, na kona inasimama wima kabisa. Mkono wa kreni yetu, ambao kwa vitofali ulikuwa mzito na ulining'inia, kwa fito ulitoka mwepesi na umenyooka. Kasoro yake ni kwamba ufito mrefu mmoja hujikunja kama samaki ukiupotosha. Lazima ziende mbili mbili, zimeshikanishwa kila baada ya matundu machache.

Kuna jambo moja la pini nisilotaka lipite. Ziko pini zinazokaza na ziko zinazozunguka huru. Kwa mfumo wa Denmark nyeusi ndiyo inayokaza na ya kijivu ndiyo huru, lakini boksi la Kichina si lazima lifuate rangi hizo, kwa hiyo ingiza kwenye tundu na uzungushe kwa kidole kabla ya kujenga. Zaidi ya nusu ya kreni za watoto nilizoletewa "zimeharibika" hazikuwa zimeharibika. Pini ya kukaza ilikuwa kwenye kiungo kinachotakiwa kuzunguka, basi.

Chuma nacho kinasimama. Hakipindi, hakining'inii, na ukikigonga kinatoa sauti ya kazi. Lakini mkono wa kreni ukiwa wa chuma unataka uzito mkubwa nyuma wa kuusawazisha, na mota ikitetema nati zinalegea moja moja bila kukuambia. Utalazimika kuweka nati mbili kila bolti, moja ikimkaba mwenzake. Mwili ambao kwa fito tuliumaliza kwa saa mbili, kwa chuma ulitula Jumamosi nzima, na nati nne ziliingia chini ya friji ambako zimo mpaka leo.

Gia: polepole isiyoteleza au haraka yenye kikomeo

Hapa ndipo nilipotumia jioni nyingi kuliko pengine pote. Anza na siri moja ya gia za plastiki za kawaida, vitofali na fito sawa: nusu ya idadi ya meno ndiyo umbali kutoka katikati hadi kwenye meno, kwa milimita. Gia ya meno 8 ina milimita 4. Ya meno 24 ina 12. Ukizikutanisha ekseli zinaachana 16, matundu mawili ya hatua. Meno 16 na 16, vivyo hivyo. Meno 40 na 8 zinataka 24, hatua tatu. Ukishalijua hili huhitaji kujaribu tundu moja moja. Chuma nacho kina uwiano wake: gia ya meno 57 na ya 19 hukutana zikiachana inchi moja, matundu mawili yale yale, na zinapunguza mwendo mara tatu.

Sasa winchi. Mota yetu huzunguka kama mara 400 kwa dakika ikiwa haina mzigo. Ukiifunga moja kwa moja kwenye ngoma ya uzi, inainua kalamu ikakataa betri. Lazima upunguze mwendo ili upate nguvu, na njia ziko mbili.

Njia ya kwanza ni gia ya parafujo, ile yenye uzi wa kujizungusha kama skrubu. Ikizunguka mara moja inasukuma jino moja tu, kwa hiyo ikikutana na gia ya meno 24 inapunguza mwendo mara 24. Ngoma yetu ina mzingo wa milimita 36. Piga hesabu, ndoano inapanda kama sentimita 1 kwa sekunde. Polepole, lakini ukizima mota mzigo unabaki pale pale ulipo, hauteremki hata unywele. Parafujo inaisukuma gia. Gia haiwezi kuisukuma parafujo.

Njia ya pili ni kupanga meno 8 kwa 24, kisha 8 kwa 24 tena: mara tisa. Ndoano inapanda sentimita 2.7 hivi kwa sekunde, na mtoto anafurahi. Zima mota uone: sukari inashuka yenyewe na kuizungusha mota kinyumenyume. Tulitengeneza kikomeo cha kudonoa meno ili kuizuia. Kilifanya kazi, ila kila ukitaka kushusha mzigo lazima mtu akiinue kwa kidole. Kreni gani ya bandari hiyo inayotaka kidole?

Mimi nachagua parafujo kwa kuinua na gia za kawaida kwa kile kitoroli kinachotembea mkononi mwa kreni. Mpwa wangu alikubali baada ya kuona meli yake ya kadibodi ikishushiwa makontena bila kupigwa. (Makontena yenyewe tuliyajenga vinundu 4 kwa 10. Kontena la futi 20 lina upana wa mita 2.44 na urefu wa mita 6.06, kwa hiyo kipimo kinatoka kama 1 kwa 76, na upana na urefu vinakubaliana. Sikutegemea.)

Lakini parafujo ina tabia mbili mbaya. Kwanza, inapoisukuma gia nayo inajisukuma nyuma kwenye ekseli yake; usipoikaba pande zote mbili inatambaa ikaacha meno. Pili, inasugua. Baada ya wiki mbili za kazi utakuta unga wa kijivu chini yake, plastiki iliyosagika. Unga huo ukichanganyika na mchanga wa Mombasa unakuwa msasa. Hapo kipimo changu cha kufungua kinaanza kudai haki yake.

Katika mwili wa vitofali, sanduku la gia lilikuwa tumboni kabisa, limefunikwa tabaka nne na kukabwa na mihimili ya kusimama. Kulifikia ilikuwa ni kung'oa pini kumi na mbili, kisha kubandua tabaka kwa kucha. Katika chuma ni bisibisi na spana, na bolti ya mwisho siku zote iko mahali ambapo kidole hakifiki. Katika fito tulijenga upya mara moja, kwa makusudi: gia zote ndani ya fremu ndogo inayojitegemea, na fremu hiyo imeshikwa mwilini kwa pini nne ndefu zenye kofia ya kuvutia. Vuta pini nne, sanduku la gia liko mkononi. Nilimpima mpwa wangu kwa saa ya simu: sekunde hamsini.

Mnaweza kusema hata vitofali vinaweza kujengwa hivyo, na ni kweli, vinaweza. Vinataka akili zaidi na nafasi zaidi, na fungu la mtumba mara nyingi halina zile pini ndefu.

Nyongeza mbili za bei ndogo zilizotusaidia. Ya kwanza ni gia nyeupe ya meno 24 ambayo katikati yake huteleza ukizidisha nguvu. Ndoano ikifika juu na mtoto hajaachia swichi, gia inatoa mlio badala ya mota kuungua. Ya pili ni kapi inayopanda na mzigo. Uzi ukipita kwenye kapi iliyofungwa ndoanoni na ukarudi kufungwa juu, mota inabeba nusu ya uzito na mwendo unapungua nusu. Aliyeona tanga la jahazi likipandishwa bandari ya zamani hana haja ya kuelezwa.

Kusafisha: hapa mshindi anabadilika

Kinachosimamisha mashine hizi mara nyingi zaidi, kabla ya chumvi na kabla ya mchanga, ni nywele za paka. Zinajisokota kwenye ekseli kati ya gia na ukuta, zinakaza kidogo kidogo, na wewe unalaumu betri. Toa ekseli, kata kwa wembe mwembamba, vuta kwa kibano. Nyuzi za mkeka nazo hufanya hivyo hivyo. Kwa kazi hii fito zinashinda wote, kwa sababu ekseli inachomolewa kwa upande bila kubomoa paa.

Kwa kuosha, vitofali na fito vinaoshwa kwa maji na sabuni laini ya vyombo, maji yasizidi nyuzi 40. Ndivyo watengenezaji wa Denmark wanavyoagiza, na mashine ya kufulia wameikataza. Nyuzi 40 si moto wa kujivunia: mwezi wa Februari, kaskazi ikivuma, maji ya tangi jeusi la juu ya nyumba yanakaribia hapo bila jiko. Mswaki mkuukuu kwa meno ya gia, na vipande vidogo vitie ndani ya chujio visije vikaenda na bomba.

Mara ya kwanza niliosha kwa maji ya kisima, kama tunavyooshea kila kitu. Kosa. Visima vyetu vingi vina chumvi, na maji yalipokauka yaliacha unga mweupe ndani ya kila tundu. Ekseli zilikuwa zikilia kama mlango wa msikiti wa zamani. Nilirudia yote: nikaloweka nusu saa kwenye beseni la maji yenye siki kidogo, nikasuuza kwa maji matamu. Sasa naosha kwa maji ya kisima na kusuuza kwa dumu moja la lita 20 la mwenye mkokoteni. Dumu hilo linatosha kreni nzima na vyombo vya chai vinabaki.

Kukausha nako kuna mambo. Usianike juu ya mabati. Bamba zangu sita nyembamba zilijikunja kama mkate wa sinia uliozidi moto. Juu ya dari jua ni lilo hilo, na kunguru wapo. Gia yetu nyekundu ya meno 16 iliondoka na kunguru mbele ya macho yetu, akatua ukutani kwa jirani, akaidonoa mara mbili, akaona si chakula, akaidondosha upande wa pili. Tandika leso kuukuu kivulini, washa panka, na vitofali vigeuze vinundu chini maji yatoke. Fito zina mashimo marefu yanayoficha maji, zitikise kwanza. Wakati wa mvua ya Aprili na Mei, vipe vyote siku mbili.

Mota, taa na kisanduku cha betri visiguse maji kamwe. Betri ikivuja na kuacha magaga kwenye vishikio, tia siki kwenye ncha ya pamba, sugua, kisha futa kwa pamba kavu. Na betri zitoe kila mnapoiweka mashine kwa zaidi ya wiki. Unyevu wa hapa hauna huruma na vishikio.

Petroli, tina na maji ya kutolea rangi ya kucha yanaiyeyusha plastiki hii au kuipasua. Mafuta ya kula yanakusanya mchanga. Gia za plastiki zikiwa safi hazihitaji mafuta yoyote.

Watu huuliza juu ya vitofali vyeupe vilivyogeuka manjano, ambavyo mtumba umejaa tele. Vinarudi kuwa vyeupe ukiviloweka kwenye haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa na kuviweka juani, lakini plastiki inaweza kudhoofika na umanjano huweza kurudi. Mimi siifanyi kazi hiyo. Rangi ya manjano haizuii gia kuzunguka, na kreni za kweli nazo hazikosi kupauka.

Chuma ndicho kilichonishangaza. Kwa kukwama kinakwama kidogo kuliko vyote, maana ekseli zake ni nyembamba na laini, lakini hewa ya hapa inakila. Bolti zilizoachwa wazi miezi miwili zilianza kutu kwenye mkato wa bisibisi, na bolti yenye kutu haifunguki, unaivunja. Hakioshwi, kinapanguswa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya cherehani, kipande kwa kipande, na kuwekwa kwenye sanduku linalofunga. Gia za shaba zinaingia ukijani tu. Hizo tulizisugua kwa ndimu na majivu, kama bibi alivyosugua dele la kahawa, zikatoka zinang'aa kuliko vitu vyote vilivyomo ndani ya sanduku.

Kuchora kwanza au kushika kwanza

Zipo programu za bure za kujengea kwenye kompyuta. Mfumo wa LDraw, aliouanzisha James Jessiman mwaka 1995, bado unatumika, na Studio ya BrickLink ni rahisi zaidi kwa anayeanza. Zinafaa kwa jambo moja kubwa: kuweka kumbukumbu ya kilichofaulu kabla hujakibomoa. Kwa kubuni winchi yenyewe mimi sizitegemei. Ndani ya kompyuta pini hazikwishi, ekseli haisugui, na mkono wa kreni hauning'inii. Mpwa wangu alichora kreni yenye mkono wa mita moja, nzuri ajabu. Mezani ililala chali. Tunajenga sanduku la gia kwa mikono kwanza, tunapiga picha kila hatua, halafu mwili unafuata.

Nani achukue kipi

Mtoto wa miaka sita au saba ambaye hujui kama atapenda: fungu la mtumba la vitofali, bila kusita. Angalia mambo mawili kabla ya kulipa. Bonyeza vitofali viwili pamoja na uvigeuze chini, kama havishikani vimechakaa. Na tafuta gia; mfuko usio na gia hata moja ni mfuko wa kujengea nyumba tu. Ukinunua, anza kwa beseni la sabuni kabla mtoto hajagusa.

Anayetaka mashine inayofanya kazi na atakayeiboresha kila wiki achukue fito, za Denmark kama mfuko unaruhusu, za Kichina kama hauruhusu. Tofauti niliyoiona kwenye la kwetu ni pini: baadhi zilikuwa ngumu mno kuzing'oa, na boksi lilikuja bila gia mbili zilizochorwa kwenye kitabu. Muuzaji aliyetuletea kwa pikipiki hakupokea simu tena. Kagua boksi pale pale mlangoni, na kitabu mkononi.

Chuma nakipendekeza kwa kijana wa miaka kumi na tatu kwenda juu mwenye subira, na kwa nyumba yenye kabati linalofunga. Kama unaishi Nyali au Shanzu, mawimbi yakisikika kitandani, fikiri mara mbili. Lakini ukirithi sanduku kama letu, usiliuze kwa muokota vyuma kwa bei ya kilo.

Kuchanganya nako kunaruhusiwa kwa vitofali na fito, kwa kuwa pini na ekseli ni zile zile. Kreni yetu ya sasa ina miguu ya vitofali, kwa uzito; mkono na sanduku la gia ni fito. Chuma hakiingiliani, matundu yake yanafuata inchi.

Wiki hii kreni imewekwa kando. Tulivuka Likoni, na badala ya kuzitazama meli, mpwa wangu alitumia safari nzima akiangalia mlango wa feri unavyoshuka na magari kupita juu yake. Parafujo ipo, kapi zipo mbili. Zinazopungua ni ekseli mbili ndefu za hatua 12, na Jumamosi saa mbili asubuhi, kabla jua halijapanda, tunakwenda Kongowea.